Baharia wa Hargeisa aliyenyongwa Cardiff, na miaka zaidi ya 45 ya kulisafisha jina lake

Kwenye makaburi ya Western Cemetery mjini Cardiff kuna kaburi la Muislamu ambalo jiwe lake lina maneno matatu tu ya Kiingereza, na maana yake haihitaji kamusi: ameuawa na dhulma. Aliyelala hapo ni Mahmood Hussein Mattan, baharia wa Kisomali, mzaliwa wa Hargeisa. Uingereza ilimnyonga tarehe 3 Septemba 1952. Tarehe 24 Februari 1998 Mahakama ya Rufaa ya nchi hiyo hiyo ikaifuta hukumu yake. Baina ya siku hizo mbili kuna miaka zaidi ya 45, mjane mmoja na watoto wa kiume watatu waliokua wakiitwa watoto wa muuaji.

Naandika habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, mimi kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa ukalimani wa Kiswahili na Kiarabu huko Uingereza, polisi na mahakamani, na kesi ya Mattan ni kesi ambayo wakalimani wakongwe hawaisahau. Pili, siku hizi kila nyumba ninayoingia Muscat au Dubai nakuta kuna kijana yuko Uingereza, anasoma au anafanya kazi. Wazee wanawausia kuhusu sala, chakula na baridi. Kuhusu polisi hawawausii kitu, kwa sababu wanaona mtoto wao si mtu wa mambo hayo. Na Laura Mattan naye aliona hivyo hivyo.

Mtaa wa mabaharia

Zamani Cardiff ilikuwa bandari ya makaa ya mawe, moja ya bandari kubwa za dunia. Meli zilizokuwa zikichukua mkaa pale zilihitaji wapiga moto wa kwenye maboila, na kazi ile ya jehanamu wakipewa Wayemeni na Wasomali waliopandia Aden, pamoja na Waafrika wa Magharibi, watu wa Cape Verde, Wamalta na watu wa visiwa vya Karibi. Hao wote walikaa mtaa mmoja karibu na gati, Butetown, ambao watu wa nje wakiuita Tiger Bay. Wayemeni walikuwa na msikiti wao Peel Street, ukapigwa bomu na Wajerumani mwaka 1941. Mzee mmoja wa mtaani kwetu Malindi, Unguja, aliyewahi kuwa baharia, alikuwa akiitaja "Kadifu" kama mtu anavyoitaja Mombasa, sisi watoto tukidhani iko mahali karibu tu.

Mattan alizaliwa 1923, akaenda baharini kijana, akaishia Butetown. Mwaka 1947 alimuoa Laura Williams, binti wa Kiwelshi kutoka mabonde ya Rhondda, aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha karatasi. Walikuwa wamejuana miezi michache tu. Ndoa ya mtu mweusi na mwanamke wa kizungu wakati ule haikuwa mchezo. Laura alitukanwa barabarani, watu walikuwa hawataki kuwapangisha, na mambo yakawa magumu mpaka ikafika mahali mume anakaa nyumba moja na mke nyumba nyingine katika mtaa huo huo. Lakini hawakuachana. Walikwisha pata watoto watatu, na baba alikuwa akipita kila siku kuwaangalia.

Tusimpake mtu rangi asiyokuwa nayo. Mattan hakuwa sheikh. Alikuwa na rekodi ya wizi mdogo mdogo, akipenda kamari, na ulimi wake mbele ya polisi haukuwa mtamu. Akiulizwa swali hujibu kwa kejeli, na mara nyengine akisema uongo usiokuwa na faida yoyote kwake. Nayasema haya kwa sababu ndiyo yaliyomfanya awe rahisi kukamatwa. Polisi walikuwa wanamjua na hawampendi, na yeye alikuwa anawajua na hawapendi.

Usiku wa tarehe 6 Machi 1952

Katika Bute Street kulikuwa na duka la nguo la Lily Volpert, Myahudi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Mabaharia walikuwa wakinunua kwake na wengine wakikopa pesa. Usiku ule, saa mbili imepita dakika chache, duka lilikwisha fungwa, na jamaa zake wako chumba cha nyuma. Mlango ukapigwa kengele, Lily akaenda kufungua. Kitambo kidogo baadaye akakutwa chini, shingo imekatwa kwa kitu chenye makali kama wembe, na kiasi cha pauni 100 hazipo. Alikuwa mtu wa watu, na mtaa mzima uliingia huzuni. Jamaa zake waliahidi zawadi ya pauni 200 kwa atakayesaidia kumpata muuaji.

Usiku ule ule polisi waliingia majumbani kwa mabaharia. Mattan alikuwa mmoja katika wengi waliohojiwa. Alisema alikuwa sinema, kisha akarudi nyumbani. Chumba chake kikapekuliwa. Hazikuonekana pesa wala nguo yenye damu. Siku kumi baadaye akafunguliwa mashtaka ya mauaji.

Ushahidi ulikuwa nini? Viatu vyake vilikuwa na chembe ndogo za damu, ndogo mpaka zitafutwe kwa darubini. Viatu vyenyewe vilikuwa vya mtumba, na sayansi ya wakati ule haikuwa na njia ya kusema damu ile ni ya nani wala ya lini. Kilichobaki hasa ni shahidi mmoja, Harold Cover, seremala wa Kijamaika, aliyesema alimuona Mattan akitoka dukani. Huyo baadaye akapata sehemu ya zile pauni 200.

Kesi ilisikilizwa Swansea mwezi Julai. Nimesoma kesi nyingi, lakini kuna jambo katika hii ambalo mpaka leo linanikera kuliko hata ule ushahidi. Wakili wa Mattan mwenyewe, mtu aliyesimama pale kumtetea, alipofika kwenye maneno ya mwisho mbele ya juri alimueleza mteja wake kuwa ni nusu mtoto wa maumbile na nusu mshenzi aliyestaarabika nusunusu. Huyo ndiye rafiki yako mahakamani! Nadhani alitaka wamuonee huruma, wauone ule uongo wake wa polisi kuwa ni ujinga wa mtu asiyejua. Lakini hebu jitie katika viti vya wale watu 12 wa Swansea, wote wazungu, mwaka 1952. Unaambiwa na wakili wa mtu kwamba mtu huyu ni mshenzi, halafu unaulizwa kama anaweza kuchinja mwanamke kwa wembe. Walikwenda chumbani, wakarudi baada ya kama saa moja na nusu. Ana hatia.

Rufaa ilikataliwa mwezi Agosti. Waziri wa Mambo ya Ndani hakuona sababu ya kumsamehe. Tarehe 3 Septemba, miezi sita kasoro siku tatu tangu Lily Volpert auawe, Mattan alinyongwa ndani ya jela ya Cardiff, hata miaka 30 hajafika. Inasimuliwa kwamba Laura alikwenda jela kumtembelea, na pale ndipo alipokuta tangazo kwamba mumewe keshakufa. Mwili haukutolewa. Sheria ya wakati ule ilikuwa aliyenyongwa azikwe ndani ya uwanja wa jela, na huko ndiko alikozikwa.

Yaliyokuwa ndani ya majalada

Sasa sikiliza mambo ambayo juri hawakuambiwa.

Hawakuambiwa kwamba kwenye gwaride la utambuzi mashahidi wanne walimtazama Mattan na hawakumtambua. Hawakuambiwa kwamba mtoto wa kike wa miaka 12, aliyemuona mtu mweusi karibu na duka usiku ule, aliletwa uso kwa uso na Mattan akasema siye. Na kubwa zaidi, hawakuambiwa kwamba Cover mwanzoni alikuwa amewaeleza polisi mtu mwengine kabisa: Msomali mwenye jino la dhahabu. Mattan hakuwa na jino la dhahabu. Palikuwa na Msomali mwengine pale pale Butetown aliyekuwa nalo, polisi walikuwa wanamjua, na katika majalada yao jina lake lilikuwemo. Mwaka 1954 mtu huyo alishtakiwa kwa kumuua karani mmoja wa mishahara, akaonekana ni mgonjwa wa akili, akapelekwa Broadmoor. Hakuna mahakama iliyosema kwamba ndiye aliyemuua Lily Volpert, na mimi sisemi. Nasema tu kwamba wakili wa Mattan alikuwa na haki ya kulijua jina lile kabla mteja wake hajafungwa kamba shingoni.

Laura alikaa na watoto wake katika mji ule ule. Hakuhama. Mwaka 1969 kikatokea kitisho: Harold Cover, yule shahidi, alipatikana na hatia ya kujaribu kumuua binti yake mwenyewe, kwa kumkata shingo kwa wembe. Mtu yeyote mwenye akili zake angesimama hapo akajiuliza. Familia ikamuandikia Waziri wa Mambo ya Ndani aifungue tena kesi. Mwaka 1970 jibu likaja: hapana.

Hapa inabidi nieleze utaratibu, maana bila ya kuuelewa mtu atasema mbona hawakwenda mahakamani tu. Zamani Uingereza ukishakata rufaa mara moja ukashindwa, mlango umefungwa. Mwenye funguo alikuwa ni Waziri wa Mambo ya Ndani peke yake. Yeye akitaka hurudisha kesi Mahakama ya Rufaa, asipotaka basi. Na waziri ni mwanasiasa, na polisi wako chini ya wizara yake. Utaratibu huo ulikaa mpaka ilipotokea aibu ya wale watu sita wa Birmingham, Wairishi waliofungwa kwa mabomu ya mwaka 1974 yaliyoua watu 21, wakakaa jela miaka 16, na mwezi Machi 1991 wakatoka bila hatia. Hapo ndipo serikali ilipounda tume ya kifalme, na kutokana na tume hiyo ikatungwa sheria ya mwaka 1995 iliyoanzisha chombo kinachoitwa CCRC, tume huru ya kuzipitia upya kesi za jinai. Ikaanza kazi mwaka 1997.

Mwaka mmoja kabla, 1996, familia ilipata ruhusa ya kumfukua Mattan kutoka jela na kumzika makaburini. Watoto wake walikuwa watu wazima tayari. Sisi tunaojua uzito wa kumzika maiti wetu tunaweza kukisia siku ile ilikuwaje.

Na kesi ya kwanza kabisa ambayo CCRC iliirudisha Mahakama ya Rufaa ilikuwa ni hii ya Mattan. Majaji watatu wakiongozwa na Jaji Rose waliyafungua majalada, wakaona yaliyofichwa, wakaifuta hukumu. Jaji Rose aliongeza maneno kwamba adhabu ya kifo pengine si mwisho wa busara kwa mfumo wa haki unaoendeshwa na binadamu, kwa kuwa binadamu hukosea. Miezi mitano baadaye mahakama hiyo hiyo ikaifuta hukumu ya Derek Bentley, aliyenyongwa Januari 1953. Timothy Evans, aliyenyongwa 1950, alikwisha samehewa mwaka 1966. Kwa hivyo ukihesabu, ndani ya miaka isiyozidi mitatu Uingereza ilinyonga watu watatu ambao baadaye ikasema yenyewe kwamba haikupaswa kuwanyonga.

Mwaka 2001 serikali ililipa fidia ya pauni 725,000 kwa Laura na watoto, ikiwa mara ya kwanza kwa Uingereza kuilipa familia ya mtu aliyenyongwa kwa makosa. Laura alifariki 2008. Watoto wote watatu nao walitangulia. Septemba 2022, miaka 70 baada ya kitanzi, mkuu wa polisi wa South Wales akaomba radhi, akakiri kwamba mashtaka yalikuwa na kasoro na polisi walihusika. Wa kuipokea radhi hiyo walikuwa wajukuu. Mmoja wao alisema imechelewa mno, na nani atamlaumu.

Mwandishi Nadifa Mohamed, naye mzaliwa wa Hargeisa, baba yake baharia aliyewahi kujuana na Mattan, aliandika riwaya juu ya kesi hii iitwayo The Fortune Men. Mwaka 2021 iliingia orodha fupi ya tuzo ya Booker. Kama una kijana anayesoma Kiingereza vizuri, mnunulie.

Mtaa ule ule, miaka 36 baadaye

Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani, mwaka 1952 hata sisi tulikuwa tunatawaliwa. Basi twende 1988.

Tarehe 14 Februari mwaka huo, katika nyumba ya James Street, Butetown hapo hapo, msichana wa miaka 20 aitwaye Lynette White aliuawa kwa visu. Majirani walimuona nje mzungu mwenye damu mikononi, analia. Polisi walimtafuta mzungu huyo karibu mwaka mzima, hata picha yake ya kuchorwa ikatangazwa. Kisha Desemba wakakamatwa watu watano, na wote walikuwa weusi au machotara: Yusef Abdullahi, Tony Paris, Stephen Miller na binamu wawili.

Yusef Abdullahi alikuwa kazini usiku ule kwenye meli iitwayo Coral Sea, bandari ya Barry, nje ya Cardiff, na watu wa melini walisema walimuona. Damu iliyokutwa chumbani ilikuwa ya kundi ambalo halikulingana na yeyote kati yao. Miller alihojiwa kwa saa 13, akakanusha kiasi cha mara 300, mpaka mwisho akili ikachoka akaanza kuyakubali yale aliyokuwa akiambiwa. Kesi ikaenda Swansea, mji ule ule wa Mattan. Jaji wa kwanza akafariki kesi haijesha, ikaanzwa upya, ikawa ndefu kuliko kesi zote za mauaji zilizowahi kusikilizwa Uingereza mpaka wakati huo. Novemba 1990 wale binamu wakaachiwa. Abdullahi, Paris na Miller wakapewa kifungo cha maisha.

Familia zao hazikukaa kimya, na zilitangulia kujua jambo ambalo familia ya Mattan haikuwa na njia ya kulijua: usingoje serikali. Walitafuta mawakili wapya, wakaita waandishi, wakaandamana. Kanda za mahojiano ya Miller zilipopigwa mbele ya Mahakama ya Rufaa Desemba 1992, majaji walishtuka. Jaji Mkuu Taylor alisema kwamba ukiacha kumpiga mtu, ni taabu kufikiria namna nyengine ya ukali na vitisho iliyozidi ile. Wakatoka.

Lakini kutoka jela na kusafishwa jina si kitu kimoja. Kwa miaka kumi na zaidi walipokuwa wakipita barabarani watu wakinong'ona kwamba wameponea kwa kosa la polisi tu. Mpaka wachunguzi walipobandua rangi ya ukuta wa chumba kile na kuchukua damu, na kutoka kwenye karatasi ya nailoni ya pakiti ya sigara, wakapata DNA. Ikawafikisha kwa kijana mmoja mdogo, jamaa wa mtu wanayemtafuta, na kutoka kwake mpaka kwa Jeffrey Gafoor. Julai 2003 akakiri mahakamani kwamba alimuua peke yake.

Mwaka 2008 mashahidi watatu waliosema uongo wakafungwa miezi 18 kila mmoja, ingawa ilikubalika kwamba walitishwa na polisi. Na hao polisi? Wanane walishtakiwa. Kesi yao ikaporomoka Desemba 2011, kwa sababu baadhi ya hati zilisemekana zimechanwachanwa. Mwezi uliofuata, hati zikaonekana, zimo ndani ya boksi kwa polisi wenyewe! Hakuna aliyetiwa hatiani. Yusef Abdullahi hakuliona hata hilo. Alifariki mwanzo wa mwaka ule wa 2011, ana miaka 49.

Saa mbili, na neno "ndiyo"

Watu huniuliza, hivi mtu anawezaje kuingia katika mtego kama huo hali hakufanya kitu? Nitasema la fani yangu.

Lily Volpert aliuawa saa mbili za usiku na kitu. Kwa Kiingereza hiyo ni saa nane. Kijana aliyelelewa kwa Kiswahili akiulizwa ulikuwa wapi, akasema "nilirudi saa mbili", na mtu aliyekaa kumfasiria amejifunza Kiswahili cha kitabuni, itaandikwa kwamba alirudi saa mbili ya Kiingereza, yaani saa nane ya usiku wa manane. Ushahidi wake wa kuwa nyumbani umekufa pale pale, na hata hajui. Nilikuwa kila nikianza kazi naweka saa mezani na kusema kwa lugha zote mbili tunahesabu saa ipi.

La pili ni "ndiyo". Ukimuuliza Mswahili "Hukuwepo dukani?" atajibu "Ndiyo", yaani ni kweli unavyosema, sikuwepo. Mwingereza akisikia neno lile anaandika: amekubali alikuwepo. Tena adabu yetu imetufunza mkubwa akisema, unaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, kuonyesha unasikiliza. Kwenye kanda ya polisi, ndiyo hizo ni ndiyo.

La tatu ni neno "ndugu". Mtu anasema "nilikuwa na ndugu yangu". Polisi wanatafuta kaka wa tumbo moja, hawamuoni, kwa hivyo kijana kawa muongo. Kumbe anamkusudia mtoto wa mjomba wa mama yake. Kijana mmoja niliyemkalimania, wa watu wa Mombasa, alitajiwa majina ya "kaka" zake wanane kama kwamba ni kundi la wahalifu. Alhamdulillahi wakili alikuwepo, na dakika kumi zilitosha kulifungua fundo.

Kwa hiyo ushauri wa mwanzo kwa wazee: mfunzeni mtoto kwamba Kiingereza cha kununulia mkate si Kiingereza cha kuhojiwa. Uingereza mkalimani wa polisi ni bure. Wakili wa kituoni ni bure pia, kwa kila mtu, tajiri na masikini, mgeni na raia. Kuomba wakili si dalili ya hatia, ingawa najua kwetu mtu akisikia "wakili" anadhani mambo yamekwisha haribika. Chini ya miaka 18 lazima awepo mtu mzima pamoja naye. Na mahojiano hurekodiwa. Haya ni matunda ya sheria ya 1984.

Halafu kuna jambo la kufuatana na marafiki. Sheria ya Uingereza inaweza kumtia mtu hatiani kwa mauaji ingawa kisu hakukishika, kama alisaidia au alihimiza. Kwa zaidi ya miaka 30 mahakama zilikwenda mbali zaidi, zikawafunga vijana kwa sababu tu walitabiri mwenzao angeweza kuua. Februari 2016 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Jogee, ilisema sheria ilipotoka njia tangu 1984. Lakini waliofungwa zamani hawakufunguliwa kwa jumla. Kila mmoja lazima athibitishe dhulma yake. Na adhabu ya mauaji kule ni moja tu, kifungo cha maisha. Asiye na kosa akishikilia kwamba hakufanya, anaweza kuonekana hana majuto, na akakaa ndani zaidi kuliko muuaji aliyekiri.

Njia ilivyo leo

Aliyehukumiwa ana siku 28 za kuomba ruhusa ya kukata rufaa. Akishindwa, ndipo CCRC, yenye makao yake Birmingham. Scotland wana tume yao. Kuomba hakuna ada na wala si lazima uwe na wakili, ijapokuwa mwenye wakili mzuri husikilizwa zaidi, tusidanganyane. Tume haisemi huyu hana hatia. Inachojiuliza ni kama yapo matumaini ya kweli kwamba Mahakama ya Rufaa itaifuta hukumu, na kwa kawaida inataka hoja au ushahidi mpya. Ina uwezo wa kudai majalada ya polisi, na hilo ndilo lililomsaidia Mattan.

Si kwamba chombo hiki kinasifika siku hizi. Maombi mengi mno hurudishwa. Peter Sullivan aliwaomba mwaka 2008 kuhusu DNA wakamkatalia. Mei 2025 hukumu yake ya mauaji ilifutwa kwa DNA hiyo hiyo, amekwisha kaa jela miaka 38. Hakuna mtu aliye hai Uingereza aliyewahi kukaa ndani muda mrefu hivyo kwa kosa lisilokuwa lake.

Na fidia? Tangu 2014 haitoshi hukumu kufutwa. Lazima uthibitishe, bila shaka yoyote, kwamba hukufanya, yaani mzigo ule ambao kila siku tunaambiwa ni wa serikali unageuzwa ukawa wako. Wengi hawapati hata senti. Michael O'Brien, mmoja wa vijana watatu wa Cardiff waliofungwa kwa mauaji ya muuza magazeti mwaka 1987 na kuachiwa miaka 11 baadaye, alipolipwa alikatwa pesa za kula na kulala alizo "okoa" kwa kuwa alikuwa jela. Alikwenda mpaka mahakama ya juu kabisa, na mwaka 2007 akashindwa. Makato hayo yamefutwa 2023.

Familia zinazoniuliza nawaambia wafanye jambo moja siku ile ile ya hukumu: wakusanye makaratasi. Barua zote, risiti, tiketi, ujumbe wa simu, majina ya waliokuwepo na namba zao, yote yatiwe kwenye boksi moja na nakala yake ikae nyumba nyengine. Polisi wana ghala, nanyi muwe na lenu. Na kama mwenyewe amekwisha fariki, jamaa zake bado wanaruhusiwa kuomba.